Mwanafunzi anayekwenda kongamano la takwimu alipiwe kabla ya safari, siyo baada

Mdadisi wa Mlali (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Tangu asubuhi nimerudi mara tatu kwenye tangazo moja. Kuna kongamano la takwimu la kanda yetu linakuja, wito wa ikisiri, yaani muhtasari wa kazi unayotaka kuwasilisha, umeshatoka, na mstari wa mwisho unasema mwanafunzi atakayekubaliwa atarejeshewa nauli na malazi akishawasilisha risiti. Walioandika wana nia njema, sina shaka. Lakini neno hilo la kurejeshewa nalijua, na leo nataka nilieleze kwa yeyote mwenye sauti kwenye kamati hizi: mhadhiri, mtu wa ofisi ya takwimu, mfadhili, na mhasibu. Hasa mhasibu.

2018 nilikuwa mwaka wa tatu, shahada ya takwimu. Darasani kwetu tulikubaliwa wawili kwenda Nairobi. Mimi nilikuwa na bango, karatasi kubwa ya kuonyesha kazi yangu ukumbini. Mwenzangu, kijana wa Mahenge, alipewa dakika 15 za kuzungumza mbele ya watu, na alistahili kuliko mimi. Kwenye mafunzo kwa vitendo alikaa Kilombero wiki nane, akapima mashamba ya mpunga kwa kamba, kisha akalinganisha ukubwa alioupima na ule ambao mkulima anautaja kwa mdomo. Wenye mashamba madogo walikuwa wakiyataja kuwa makubwa kuliko yalivyo, wenye makubwa wakiyapunguza. Aliyewahi kukokotoa mavuno kwa hekta anajua uzito wa jambo hilo. Ukikosea eneo, umekosea kila unachokigawanya kwalo.

Utaratibu ulikuwa huu huu: jilipie, tunza risiti, utarudishiwa. Boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, lilikuwa limekwisha wiki mbili kabla. Mimi nilikuwa na mjomba Arusha, akanitumia nauli na kunilaza njiani. Mwenzangu alikuwa na mama anayeuza vitumbua na wadogo watatu nyuma yake. Alizunguka siku nne akitafuta wa kumkopesha. Siku ya tano akanisindikiza Ubungo, akanipa flashi yenye slaidi zake, akasema, "Wakikuruhusu, nisomee."

Hawakuruhusu. Alhamisi saa 5:20 asubuhi nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Mwenyekiti wa kikao akaita jina lake. Akaita tena. Akatazama mlangoni kidogo, akafunua ukurasa, akasema tunaendelea. Flashi nilikuwa nayo mkononi.

Fedha yangu ilirudi baada ya miezi mitano, tena pungufu, kwa sababu tiketi ya basi iliandikwa kwa mkono na mhasibu alitaka ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi.

Sasa, wapo wanaodhani wanafunzi huenda huko kula na kupiga picha. Nawaeleza nilichokwenda kupata. Bango langu lilihusu udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano, kwa data za utafiti wa kitaifa wa afya na malaria wa 2015-16. Data zile nilizipata bure, kwa kujisajili mtandaoni na kueleza nataka kuzifanyia nini. Nilichora grafu ya mikoa yote 30 ya utafiti ule, nikaweka rangi. Siku ya kwanza mchana akaja mzee mmoja, sweta la kijani, mikono nyuma. Rangi hakuziangalia. Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi, akaweka kidole kwenye namba ya taifa, akauliza, "Kijana, ripoti inasema asilimia 34. Hii yako mbona siyo hiyo? Uzani umeuweka?"

Sikuwa nimeuweka. Nilihesabu waliodumaa, nikagawanya kwa watoto wote waliopimwa, basi. Akavuta kiti, akanieleza kwa kalamu nyuma ya ratiba yake. Utafiti ule ulitaka kila mkoa upate sampuli ya kutosha kusimama peke yake. Mikoa mitano kati ya hiyo 30 ni ya Zanzibar, yaani moja ya sita. Lakini kwa sensa ya 2012 Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569 kati ya 44,928,923, hawafiki asilimia tatu. Kwa hiyo mtoto wa Kusini Unguja kwenye faili lile anasimama badala ya watoto wachache, na wa Mwanza anasimama badala ya wengi. Ukiwahesabu sawa, umechora nchi ambayo haipo. "Safu ya v005 kwenye faili lako," akaniambia, "igawe kwa milioni moja, ndiyo uzani wako."

Ilichukua dakika 20. Nadharia ya sampuli nilikuwa nimeisoma muhula mzima na nimefaulu. Nilikuja kuielewa siku ile, nimesimama karibu na meza ya chai. Leo kazi yangu ya kila siku ni hiyo hiyo, kupanga sampuli na kukokotoa uzani.

Mwenzangu wa Mahenge aliacha takwimu. Ana duka la pembejeo Ifakara, anaendelea vizuri, na sisemi safari moja ingembadilishia maisha. Nasema data zake zile za kamba hakuna mzee wa sweta aliyewahi kuziinamia.

Hoja yangu ni moja. Fedha ya mwanafunzi itoke kabla. Tiketi ikatwe na kamati, hosteli ilipwe na kamati, bango lichapishwe na kamati, ada ya usajili ifutwe. Mkononi awe na hati ya kusafiria, kadi ya homa ya manjano na kazi yake. Naomba michango, hasa kwa mliowahi kukaa upande wa waandaaji.

Kapera Kibaha

Mkuu, hapo kwenye flashi nimesimama kwanza. Naendelea kufuatilia.

Mwalimu wa Eldoret

Salamu kutoka Eldoret. Nimekaa kwenye kamati za namna hiyo mara mbili, kwa hivyo wacha niseme ya upande wetu.

Tunarejesha badala ya kulipa mapema kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wasiofika. Mwaka mmoja tulikata tiketi saba, wakaja wanne. Ya pili ni wakaguzi wa hesabu. Pesa ya mfadhili ikitoka kwa jina la mwanafunzi, ambaye si mfanyakazi, na asifike, hakuna mahali pa kuidai. Mkaguzi atauliza ni nani aliyeidhinisha, na jina litakuwa la mtu ambaye ana watoto shuleni.

Mara ya pili tulibadilisha. Pesa yote ya wanafunzi ilitolewa kama masurufu, yaani pesa ya kazi unayopewa kabla na kuitolea hesabu baadaye, kwa jina la mhadhiri mmoja. Yeye ndiye alinunua tiketi, akalipa hosteli, akachapisha mabango, na akarejesha hesabu ndani ya siku alizopewa. Mwanafunzi hakushika chochote ila pesa ya chakula, iliyotumwa kwa simu asubuhi ya kuondoka. Kasoro ikitokea, unaokatwa ni mshahara wa mhadhiri, ndiyo sababu wengi hukataa. Mhadhiri huyo nilikuwa mimi. Sikukatwa hata shilingi, lakini nakiri wiki ile sikulala vizuri.

Kwa hivyo njia iko, na ni ya kawaida kabisa katika kila ofisi ya umma. Kinachokosekana ni mtu wa kutia sahihi.

Mdadisi wa Mlali

Mwalimu, asante sana. Masurufu! Kila karani wa sensa aliyewahi kwenda wilayani analijua neno hilo, na sijawahi kulisikia likitamkwa sambamba na neno mwanafunzi.

Swali moja: wale watatu ambao hawakufika, mwaka ule wa tiketi saba, walikwama wapi?

Mwalimu wa Eldoret

Mmoja aliugua. Wawili walikuwa Watanzania na walikwama kwenye hati. Sisi Wakenya, Waganda na Wanyarwanda twavuka kwa kitambulisho tu, na kamati yote ikiwa ya Wakenya haikumbuki kwamba Mtanzania hawezi. Barua ya kukubaliwa tuliwapelekea siku 19 kabla.

Mdadisi wa Mlali

Basi hapo wasiofika wengi ni zao la kalenda yenu, Mwalimu, nasema kwa heshima. Siku 19 kwa kijana ambaye hajawahi kuwa na pasi ni chache mno. Hata hati ya dharura ya kusafiria inataka cheti cha kuzaliwa, na wengine cheti kiko kijijini kwenye sanduku la bibi. Mkitoa majibu miezi mitatu kabla, na barua ya mwaliko ikaambatanishwa siku hiyo hiyo, mtaona idadi inavyobadilika.

Mwalimu wa Eldoret

Nimeandika. Miezi mitatu.

Jedwali Tupu

Wadau, mimi nitakuwa tofauti kidogo. Kwa nini tuhangaike na mabasi? Kongamano la Dunia la Takwimu la 2021 zima lilifanyika mtandaoni na watu waliwasilisha. Nauli ya mtu mmoja mpaka Nairobi na kurudi inanunulia bando wanafunzi wengi tu. Kama lengo ni wengi washiriki, hesabu iko wazi.

Binti Pangani

Nakuheshimu mkuu, lakini mwaka huo wa 2021 niliwasilisha mtandaoni kwenye mkutano mmoja nikiwa chumbani hosteli, wenzangu watatu wakiwa wamenyamaza vitandani ili nisikike. Niliongea dakika 12. Mwenyekiti akasema asante, kuna swali? Kimya. Akaita mwingine. Nilikaa na hedifoni masikioni nikisubiri labda mtu ataandika chochote pembeni. Mpaka leo sijui kama kuna mtu alinisikia.

Anayekupinga uso kwa uso huwa anakuja tena mchana mkiwa kwenye foleni ya chakula, anakuambia, "Nimeifikiria tena ile modeli yako." Bando halinunui hiyo.

Na ninaongeza jambo ambalo kaka zangu hapo juu hawajaligusa. Mara ya kwanza nilipopata nafasi ya kusafiri, Kampala, aliyenizuia ni baba, na hakuwa mkorofi. Aliuliza maswali manne: utalala wapi, na nani, basi linafika saa ngapi, nani atakupokea. Sikuwa na jibu hata la moja, kwa sababu ufadhili ulisema "malazi utajitafutia, utarejeshewa". Mwaka uliofuata kamati nyingine ilituma barua yenye jina la hosteli, kwamba nitalala chumba kimoja na msichana wa Mbarara, na kwamba mama mmoja wa kamati atatupokea stendi saa 12 asubuhi. Baba aliisoma akaikunja akaiweka mfukoni, akaenda nayo msikitini kuwaonyesha wenzake. Nikaenda.

Kwa hiyo kulipa kabla siyo suala la fedha peke yake. Wazazi wanaweza kuruhusu kitu wanachokiona.

Mdadisi wa Mlali

Dada, nakushukuru. Hilo sikuwa nalo kabisa, na ni zito kuliko la EFD.

Mstaafu wa Sampuli

Wanangu, nimesoma yote. Mimi ni wa Chuo cha Takwimu hapa Dar, kile kilichoanzishwa 1961 kwa ajili ya nchi za kanda nzima. Darasani kwetu tulikuwa na Wazambia, Waganda na Waswazi, na jioni tukipika pamoja ndipo nilipojua jinsi ofisi zao zinavyohesabu watu wanaohamahama na mifugo. Makerere nako walianzisha taasisi yao 1969 kwa mtindo huo huo, wa kuchukua vijana wa nchi nyingi. Hatukuhitaji kongamano kukutana. Tulikuwa tunakaa bweni moja.

Siku hizi kila nchi ina shahada zake za takwimu, na hilo ni jambo jema sana, lakini kijana anaweza kumaliza shahada tatu bila kuonana na mwenzake wa nchi jirani anayefanya kazi ile ile kwa watu wale wale wa ng'ambo ya mpaka. Kongamano limebaki ndilo bweni lenu. Ndiyo maana nawaunga mkono.

Nakumbuka pia kwamba tiketi na posho nilikabidhiwa kabla sijafunga sanduku. Hakuna aliyenitaka nianze kwa kukopa.

Jambo la kuongeza: tarehe 18 Novemba kila mwaka ni Siku ya Takwimu Afrika. Ofisi za takwimu huwa na shughuli, ukumbi upo, wataalamu wapo, na hamuhitaji kuvuka mpaka. Waombeni meza mbili ukumbini, wanafunzi wasimamishe mabango yao hapo kwanza. Swali kama lile la uzani likiulizwa nyumbani mwezi Novemba, kijana ana muda wa kulirekebisha kabla ya kusafiri.

Mdadisi wa Mlali

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kabisa. Mimi bango langu lilionwa na msimamizi wangu kwa simu, kama picha, usiku wa kuamkia safari. Hakuwa mzembe, alikuwa na wanafunzi wa kusimamia wengi kupita kiasi.

Mwana Lubumbashi

Jambo kwenu wote. Miye ni wa Lubumbashi, master ya pili, ninafuatilia mazungumzo yenu na ninaona sisi wa Kongo hatumo.

Kwetu hesabu ya watu ya mwisho ilifanyika 1984. Mimi sikuwa nimezaliwa, na mwalimu wangu alikuwa mtoto. Kila sampuli tunayochora inasimama juu ya makadirio ya makadirio. Kwa hiyo tunajifunza kazi ambazo nyinyi hamzihitaji sana: kuhesabu nyumba kwa picha za setilaiti, kutumia orodha za chanjo, kutembea mtaa kwa mtaa na kuorodhesha upya kabla ya kuchagua kaya. Ningependa kuyaeleza hayo mbele ya watu wa Dar na Nairobi. Tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini wito wa ikisiri unakuja kwa Kiingereza tu, na sisi tunasoma kwa Kifaransa. Ninaweza kuandika Kiingereza cha kueleweka, siyo kizuri. Mara moja nilikataliwa na sababu iliyoandikwa ni lugha. Kuhusu hesabu zangu hawakusema neno.

Mdadisi wa Mlali

Ndugu yangu, karibu sana, na pole. Nchi kubwa kama hiyo, na vijana wanaojua kutengeneza sampuli bila sensa, halafu tunawakosa kwa sababu ya vitenzi vya Kiingereza!

Kamati yoyote inayosoma hapa: mtu mmoja wa kusahihisha lugha ya ikisiri zilizokwisha kupita kwa hoja ni kazi ya siku mbili. Na bango linaweza kuelezwa kwa Kiswahili. Mzee wa sweta alinifundisha uzani kwa Kiswahili, Kiingereza kilikuwa kwenye v005 tu.

Jedwali Tupu

Binti Pangani na ndugu wa Kongo mmenifanya nifikiri upya. Nabaki na wasiwasi wa fedha tu. Zinatoka wapi? Vyuo vyetu tunavijua.

Mdadisi wa Mlali

Swali la haki. Nieleze tulichofanya sisi, ni kidogo lakini kinatembea.

2020 tulikaa watu 14 tuliosoma pamoja, wengi wameajiriwa, wawili wamejiajiri. Tunachanga elfu kumi kila mwezi. Kwa mwaka inakuja milioni moja na laki sita na elfu themanini, na kwa basi na hosteli ya kawaida inatosha kupeleka wanafunzi wawili Nairobi au Kampala, hati, chanjo na bango vikiwemo. Mweka hazina anakata tiketi mwenyewe. Hatutaki risiti kwa mwanafunzi hata moja. Tunachotaka ni kitu kimoja: akirudi, asimame mbele ya darasa lake aeleze swali gumu aliloulizwa na alilijibuje, au alishindwaje.

Mambo mawili tumejifunza kwa kukosea. Mwanzoni tulichagua kwa GPA, tukapeleka vijana wenye alama nzuri ambao hawakuwa na kazi yoyote ya kuonyesha. Walikaa ukumbini, wakasikiliza, wakarudi. Sasa tunaangalia ikisiri iliyokubaliwa, GPA hatuulizi. La pili, tulisahau bango. Karatasi iliingia mvua Namanga, kijana akafika na kitu kilichokunjamana. Siku hizi tunachapisha kwenye kitambaa, unakikunja kama shuka ndani ya begi, ukifika unakipiga pasi.

Na wafadhili wa nje wapo pia. Chama cha kimataifa cha takwimu za baiolojia kina mtandao wake wa nchi za kusini mwa Sahara unaoitwa SUSAN, na mikutano yake imekuwa mahali pazuri kwa wanafunzi wa takwimu za afya na kilimo. Lakini kila mfadhili anataka ikisiri iliyokamilika. Ndiyo inayofungua mlango.

Mwaka wa Pili Dodoma

Samahanini kaka na dada zangu, mimi bado mwanafunzi. Nimesoma uzi wote. Nina data za bei za mahindi nilizokusanya soko la Majengo kila Jumamosi kwa wiki 31, vipimo vya debe na kilo. Nimegundua bei ya debe haibadiliki sana lakini debe lenyewe linabadilika, wauzaji wanaongeza au kupunguza kilele kulingana na msimu. Sijui kama hiyo ni mada ya kongamano au ni jambo la kawaida tu. Na ikisiri sijawahi kuandika.

Mstaafu wa Sampuli

Mwanangu, watu wa fahirisi za bei wamekuwa wakipambana na debe hilo tangu nikiwa kijana. Ni mada. Andika.

Mdadisi wa Mlali

Mdogo wangu, umenifanya niinuke kwenye kiti. Wiki 31! Umepima kilele cha debe kwa mizani?

Ikisiri ni aya moja, mara nyingi maneno yasiyozidi 250. Anza na swali lako kwa sentensi moja: bei ya debe inaficha nini? Usianze na "Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa", kila mtu anaanza hivyo na msomaji wa kamati ana ikisiri nyingi mezani. Sentensi ya pili na ya tatu: soko gani, wiki ngapi, wauzaji wangapi, uliwachaguaje. Hapo kwenye uliwachaguaje useme ukweli mtupu. Kama ulikwenda kwa waliokubali kuongea, andika hivyo. Halafu mbinu, kwa jina lake. Halafu weka namba yenyewe, uzito wa debe wiki ya chini na wiki ya juu, na kutawanyika kwake. Watu wengi wanaandika "matokeo yataelezwa", na hizo ndizo zinazokatwa kwanza. Malizia na namna bei kwa kilo inavyoonekana ukilinganisha na bei kwa debe.

Niandikie inboksi leo usiku hata kama ni mbovu. Tutaisoma mimi na Binti Pangani kama ataridhia.

Binti Pangani

Nimeridhia. Na wewe Dodoma, cheti cha kuzaliwa unacho?

Mwaka wa Pili Dodoma

Ninacho, kiko Kondoa kwa mama. Nimempigia sasa hivi, anakitoa.

Kilele nilikipima kwa mizani ya kuning'iniza, wauzaji 9, kila Jumamosi. Wiki mbili walinikatalia, nimeziacha wazi kwenye jedwali, sikujaza.

Mstaafu wa Sampuli

Umefanya vizuri kutojaza.

Mwalimu wa Eldoret

Ikikubaliwa, sahihi ya masurufu nitatia mimi.

Mwaka wa Pili Dodoma

Nimetuma inboksi. Maneno 263, nimeshindwa kupunguza 13.